Skima ya saraka: kiolesura kijue kiasi gani, na mtumiaji aachiwe kujua nini?

mtunza_seva aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia saraka ya LDAP ya chuo kimoja, yaani hifadhi ya rekodi za watu ambayo mifumo mingine huiuliza. Inaendeshwa kwa OpenLDAP, na rekodi zake za wanafunzi, walimu na watumishi hutumiwa na mfumo wa barua pepe, maabara za Linux na eduroam, mtandao wa Wi-Fi wa vyuo. Hadi sasa rekodi huingizwa na sisi wa kitengo cha TEHAMA kwa faili za LDIF (maandishi yenye rekodi) na amri ya ldapadd. Uongozi umeamua kwamba kazi hiyo ihamie ofisi ya udahili na ofisi ya utumishi. Uamuzi huo ninauunga mkono, kwa kuwa wao ndio wenye taarifa, na sisi tulikuwa tunanakili tu yale waliyotuletea kwenye karatasi.

Ugumu uko kwenye kiolesura. Tumewapa Apache Directory Studio, programu ya kuhariri saraka, waijaribu, nao wakakutana na objectClass (aina ya rekodi), sn (jina la ukoo), cn (jina kamili), uidNumber (namba ya mtumiaji) na homeDirectory (folda yake) vyote kwa pamoja. Afisa udahili mmoja aliniuliza kwa haki kabisa kwa nini mwanafunzi mmoja awe na aina nne za objectClass, na kwa nini moja kati ya hizo haifutiki. Tukageukia upande wa pili na kuandika fomu yetu ya wavuti yenye visanduku vichache, ambayo haitaji neno lolote la LDAP. Hiyo wameipenda, lakini seva inapokataa rekodi, fomu husema tu kwamba imeshindikana. Na kila tunapoongeza sifa mpya kwenye skima, yaani kanuni za saraka kuhusu aina za rekodi na sifa zake, inabidi mtu afungue msimbo na kuuhariri.

Swali langu ni hili: ujuzi wa skima unapaswa kukaa wapi? Je, niwafundishe maafisa hawa maana ya objectClass, sifa za lazima na sifa za hiari, au programu ndiyo ibebe yote na wao wasijue kabisa kwamba kuna skima? Na ikiwa ni programu, je, fomu niiandike kwa mkono au niiache isome skima kutoka kwenye seva na kujijenga yenyewe?

---

mizizi_na_matawi alijibu:

Ndugu mtunza_seva, nianze na sehemu ya mwisho, kwa sababu hapo jibu lipo wazi zaidi kuliko watu wengi wanavyodhani. Seva ya LDAP toleo la 3 inatangaza skima yake yenyewe. Rekodi ya mzizi ina sifa iitwayo subschemaSubentry, inayoonyesha skima ilipohifadhiwa; kwa OpenLDAP ni cn=Subschema, na unaweza kuisoma kwa amri hii:

`ldapsearch -x -s base -b cn=Subschema objectClasses attributeTypes`

Utakachokipata ni maelezo kamili kwa mujibu wa RFC 4512 (RFC ni hati za viwango vya intaneti) ya mwaka 2006: kila aina ya rekodi, imerithi kutoka aina gani, sifa zipi ni za lazima na zipi za hiari, na kwa kila sifa, sintaksia yake (umbo la thamani), kama inapokea thamani moja tu au nyingi, na kama mtumiaji anaruhusiwa kuibadilisha. Kwa taarifa hizo peke yake programu inaweza kufanya mengi bila kuambiwa na mtu. Itajua kwamba inetOrgPerson, aina ya rekodi ya mtu iliyoelezwa katika RFC 2798 ya mwaka 2000, inadai sn na cn kwa sababu imezirithi kutoka aina ya person. Itajua kwamba jpegPhoto inahitaji kitufe cha kupakia picha; kwamba manager ni sifa inayoelekeza kwenye rekodi nyingine, kwa hiyo inafaa kisanduku cha kutafuta mtu badala ya kumlazimisha afisa kuandika uid=fulani,ou=watumishi na kuendelea; na kwamba modifyTimestamp huonyeshwa tu, haiandikwi.

Fomu isiyosoma skima inabeba nakala ya ujuzi ambao seva tayari inao, na nakala hiyo itaanza kutofautiana na asili yake siku skima itakapobadilika. Madhara yake si usumbufu wa kuhariri msimbo tu. Sifa ya telephoneNumber inaruhusu thamani nyingi. Mwandishi wa fomu akadhani kila mtu ana namba moja, akaweka kisanduku kimoja. Fomu ikasoma namba ya kwanza na kuionyesha, kisha afisa akarekebisha anwani ya barua pepe tu na kubonyeza hifadhi. Kama programu inaandika upya sifa zote kwa operesheni ya replace, inayofuta thamani zote za zamani na kuweka mpya, namba ya pili imefutika, seva haikulalamika kwa sababu hakuna kanuni ya skima iliyovunjwa, na hakuna mtu atakayejua mpaka siku namba ile itakapohitajika. Kiolesura ambacho hakijui tofauti ya sifa ya thamani moja na sifa ya thamani nyingi hakipaswi kupewa ruhusa ya kuandika kwenye saraka.

Kuhusu ujumbe wa kushindikana, seva haikatai kimya kimya. Kosa namba 65 ni kuvunjwa kwa kanuni za aina ya rekodi, kwa kawaida sifa ya lazima inapokosekana au sifa isiyoruhusiwa inapoingizwa. 21 ni thamani isiyofuata sintaksia. 17 ni sifa isiyojulikana kabisa. 68 ni rekodi ambayo tayari ipo. Programu inayofahamu skima inaweza kuzigeuza namba hizi kuwa sentensi: «Hujajaza jina la ukoo», au «Mtu mwenye kitambulisho hiki ameshasajiliwa». Na iliyo bora zaidi haingoji kukataliwa, bali inakagua kabla ya kutuma.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba programu isome skima, na afisa udahili asifundishwe objectClass hata kidogo.

---

kabati_la_faili alijibu:

Nakubaliana na ndugu mizizi_na_matawi kuhusu replace. Jambo hilo linastahili kubandikwa ukutani. Sikubaliani na hitimisho lake, kwa sababu anaipa skima uwezo ambao haina. Skima inasema thamani ina umbo gani, haisemi thamani ina maana gani, na fomu iliyojengwa kutokana na skima peke yake itakubali upuuzi wowote ulioandikwa kwa umbo sahihi.

Chukueni Active Directory, saraka ya Microsoft ambayo wengi wetu tunaitumia maofisini. Sifa ya userAccountControl kwa mujibu wa skima ni namba kamili. Fomu iliyojijenga yenyewe itakupa kisanduku cha namba, nawe utaona 512. Lakini namba hiyo ni mkusanyiko wa swichi: 512 ni akaunti ya kawaida, na ukijumlisha 2 unapata 514, yaani akaunti hiyohiyo ikiwa imefungwa. Sifa ya accountExpires nayo ni namba, ila inahesabu vipande vya nanosekunde 100 tangu tarehe 1 Januari 1601, na sifuri humaanisha kwamba akaunti haiishi muda wake. Hakuna mstari wa skima unaoeleza hayo. Ndiyo sababu Microsoft wana ADSI Edit, inayokuonyesha sifa zilivyo, na pia dirisha la Active Directory Users and Computers, lenye kisanduku cha kuteua «akaunti imefungwa» na kalenda ya kuchagua tarehe. Aliyeandika dirisha hilo la pili aliweka ndani yake ujuzi ambao hakuupata kwenye skima.

Kwenye OpenLDAP hali ni ileile. Aina ya posixAccount (akaunti ya Linux) ya RFC 2307 inadai cn, uid, uidNumber, gidNumber na homeDirectory. Skima inatosheka uidNumber ikiwa namba; haijali kama watu wawili wamepewa namba moja, na matokeo yake ni kwamba kwenye maabara ya Linux mmoja atasoma na kufuta mafaili ya mwenzake kana kwamba ni yake. Kuzuia hilo unahitaji kuwasha nyongeza ya unique kwenye seva, na kiolesura kigawe namba hizo chenyewe badala ya kumuuliza afisa udahili. Vivyo hivyo eduPersonAffiliation, sifa inayotaja hadhi ya mtu chuoni: skima inaipokea kama maandishi ya kawaida, lakini vyuo na huduma zinazoshirikiana kutambulisha watumiaji wanategemea orodha fupi ya maneno yaliyokubaliwa, kama vile student, faculty, staff na alum. Afisa akiandika «mwanafunzi», seva itapokea kwa furaha, na huduma ya nje haitamtambua mwanafunzi huyo. Kinachotakiwa pale ni orodha ya kuchagua, inayoonyesha «Mwanafunzi» na kuhifadhi student.

Sasa nije kwenye mfano unaotuuma zaidi sisi, nao ni sn. Waliotunga X.500, kiwango cha saraka kilichozaa LDAP, mwishoni mwa miaka ya 1980 waliona ni jambo la kawaida kila mtu awe na jina la ukoo, wakalifanya kuwa la lazima kwenye aina ya person, na inetOrgPerson ikarithi. Kwetu Tanzania watu wengi wana jina lao, la baba na la babu. Asha binti wa Hamisi Juma Bakari huitwa Asha Hamisi Juma. Majina ya mwisho ya baba na mwana hayafanani, na hakuna kati yake lililo jina la ukoo kwa maana iliyokusudiwa. Mpe afisa kisanduku kilichoandikwa «sn» chenye nyota nyekundu, au hata «Jina la ukoo», uone kitakachotokea: mmoja ataandika Juma, mwingine Hamisi, wa tatu atajaza majina mawili pamoja, na wa nne, akikutana na mtu mwenye jina moja tu kwenye cheti, atarudia lilelile. Kila rekodi kati ya hizo ni halali mbele ya skima. Baadaye mtu anatafuta kwa sn na kupata nusu ya watu.

Hilo halitatuliwi na kusoma cn=Subschema, wala na mafunzo ya objectClass. Linatatuliwa na ofisi kukaa na kuamua kanuni moja, kisha fomu kuuliza vitu ambavyo watu wanavijua: jina la kwanza, jina la baba, jina la babu. Programu ndiyo itakayojaza givenName, sn na cn kwa kanuni hiyo. Ndiyo, fomu ya namna hiyo imeandikwa kwa mkono, na sioni aibu yoyote.

---

mama_masjala alijibu:

Ndugu zangu, mimi si mtu wa seva. Nimefanya kazi ya kumbukumbu na usajili kwa miaka mingi, na ninachangia kwa sababu ninyi nyote mnazungumza juu yetu kana kwamba tumetoka nje ya chumba.

Ni kweli kwamba hatuhitaji kujua objectClass ni nini. Lakini msiende mbali hadi kutuficha kwamba kuna muundo. Fomu yenye visanduku vichache inapendeza hadi siku afisa atakapokuwa na taarifa ambayo haina mahali pake, na siku hiyo ataiweka kwenye kisanduku chochote kitakachoipokea. Nimeona namba za usajili zikiandikwa kwenye kisanduku cha maelezo, namba za vyumba zikiandikwa mbele ya majina, na neno «amehama» likiwekwa mwishoni mwa jina la mtu, kwa sababu mtengeneza fomu hakuwaza kwamba watu huhama. Ninavyofahamu, saraka zenu tayari zina mahali pa namba ya mtumishi na mahali pa namba ya chumba. Kwa hiyo taarifa ilikuwa na makao yake halali, ila fomu haikutuonyesha mlango.

Ninachoomba tukifahamu ni mambo machache kuhusu kila kisanduku. Je, taarifa hii lazima iwe ya mtu mmoja tu, au watu wawili wanaweza kuwa nayo? Je, inaonekana na nani: chuo kizima, au wahasibu peke yao? Nikiibadilisha, ni nini kitakachobadilika kwingine? Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Mwanafunzi akiolewa na kutaka jina libadilishwe, afisa hubadilisha bila kujua kama jina la kuingilia kwenye kompyuta litabadilika nalo, na kama barua pepe za zamani zitaendelea kumfikia. Sentensi moja chini ya kisanduku ingetosha.

Jambo jingine ni dogo, lakini litawapunguzia simu. Karibu na kila kisanduku andikeni kwa maandishi madogo jina linalotumiwa na ninyi mafundi. Halitatusumbua. Tukikwama na kuwapigia, mtatuelewa mara moja tunazungumzia kisanduku kipi, badala ya sisi kusema «kile cha tatu kutoka juu» huku ninyi mkiwa mmefungua skrini nyingine kabisa.

---

mtunza_seva aliandika tena:

Nawashukuru wote, hasa mama_masjala. Orodha ya maswali yako kuhusu kila kisanduku nimeichukua kama ilivyo.

Naona basi kwamba nahitaji fomu za mkono kwa yale yenye maana ya kiofisi, zikiwa juu ya programu inayosoma skima kwa yale ya umbo. Yamebaki mambo mawili ambayo sijui yaangukie upande gani. La kwanza: mwanafunzi anapomaliza na kuajiriwa hapa hapa kama mkufunzi msaidizi, au mtumishi anapoondolewa kwenye maabara za Linux, kiolesura kimwonyeshe afisa nini? La pili: vikundi. Tunatumia groupOfNames, aina ya rekodi inayoorodhesha wanachama wa kikundi, na kila afisa anapomwondoa mwanachama wa mwisho seva inakataa kwa kosa namba 65. Kuna programu moja tuliyowahi kuijaribu ambayo hukwepa kosa hilo kwa kuweka mwanachama wa bandia. Maafisa wakamwona, wakadhani ni mtu aliyeingizwa kimakosa, wakamfuta.

---

mizizi_na_matawi alijibu:

Kabla ya kujibu, naikubali hoja ya kabati_la_faili kuhusu sn na userAccountControl. Bado nashikilia kwamba fomu ya mkono ikaguliwe dhidi ya skima kila programu inapowaka.

Kuhusu kubadilika kwa hadhi ya mtu, hapa ndipo skima inapaswa kujulikana vizuri na anayebuni, ili isijulikane kabisa na anayetumia. Kila rekodi ina aina moja ya msingi pamoja na mlolongo ilikorithi, na aina hiyo ya msingi haibadilishwi baada ya rekodi kuundwa. Ukijaribu kuigeuza kuwa nyingine, seva hujibu kwa kosa namba 69. Hiyo ndiyo ile isiyofutika ambayo afisa wako aliiulizia. Aina za nyongeza, kama posixAccount na eduPerson, huongezwa na kuondolewa wakati wowote. Kwa hiyo usithubutu kuwa na aina ya msingi ya «mwanafunzi» na nyingine ya «mtumishi», hata kama fomu inaanza kwa kuuliza huyu ni nani. Wote wawe inetOrgPerson, na tofauti zao zikae kwenye sifa na kwenye aina za nyongeza. Mwanafunzi akiajiriwa, afisa anabadilisha hadhi kwenye orodha ya kuchagua, na rekodi inabaki ileile na barua pepe ileile.

Kumwondoa mtu kwenye maabara ni kitufe kimoja mbele ya afisa, «Ondoa akaunti ya Linux», na nyuma yake ni kazi inayodai uangalifu. Ukiondoa posixAccount na kuacha uidNumber na homeDirectory ndani ya rekodi, kosa 65, kwa sababu hakuna tena aina inayoziruhusu sifa hizo. Ukianza kuondoa sifa kwanza, kosa 65 tena, kwa sababu aina bado inazidai. Zote lazima ziondoke ndani ya operesheni moja ya modify, na programu iache cn na uid zilivyo, kwa kuwa zinaruhusiwa pia na inetOrgPerson. Apache Directory Studio haiwezi kumtarajia afisa ajue hayo, wala hakuna mafunzo ya siku chache yatakayomfanya ayakumbuke.

Kuhusu vikundi, member ni sifa ya lazima kwenye groupOfNames, kwa hiyo kikundi kitupu hakiwezi kuwepo. Mwanachama wa bandia ni njia inayotumika sana na inafanya kazi, kwa sharti kwamba kiolesura kinachomweka ndicho kinachomficha: asionekane kwenye orodha, asihesabiwe, asifutike. Programu inayomweka kisha ikamwonyesha imefanya nusu ya kazi. Kama hutaki bandia, basi anapoondolewa mwanachama wa mwisho programu imuulize afisa kama anataka kukifuta kikundi chenyewe. Na kama vikundi hivyo ni vya Linux pia, kumbuka kwamba posixGroup ya RFC 2307 ni aina ya msingi, hivyo haikai pamoja na groupOfNames kwenye rekodi moja. Ni rasimu ya RFC 2307bis iliyoigeuza kuwa ya nyongeza. Hilo uliamue sasa, kabla ya vikundi kuwa vingi.

---

kabati_la_faili alijibu:

Niongeze neno kuhusu mahali pa kuweka majina ya visanduku na zile sentensi za mama_masjala. Active Directory huyahifadhi ndani ya saraka yenyewe, kwenye sehemu ya usanidi iitwayo DisplaySpecifiers, kila lugha ikiwa na kontena lake kwa namba. 409 ni Kiingereza cha Marekani. OpenLDAP haina utaratibu kama huo. Maelezo ya DESC yaliyomo kwenye skima ni ya Kiingereza na yameandikiwa mafundi, kwa hiyo usiyatumie kama maandishi ya kisanduku, ingawa baadhi ya programu hufanya hivyo.

Unaweza kuangalia LDAP Account Manager, yenye moduli kwa kila aina ya akaunti, au phpLDAPadmin, ambayo hutumia violezo, kabla ya kuandika yako. Ukiandika yako, weka faili moja ya usanidi yenye jina la sifa, jina la kisanduku kwa Kiswahili, sentensi ya maelezo, ofisi inayoimiliki na namna ya kuiingiza. Anwani ya posta, kwa mfano, huhifadhiwa kwenye postalAddress ikiwa mistari yake imetenganishwa kwa alama ya dola. Afisa aone mistari mitatu ya kawaida ya S.L.P., mji na nchi, na alama ya dola aikute programu peke yake.

Programu inapowaka ilinganishe faili hiyo na cn=Subschema. Sifa iliyomo kwenye faili lakini haimo kwenye skima iandikwe kwenye logi kama kosa. Sifa ya lazima iliyomo kwenye skima lakini haina kisanduku wala kanuni ya kuijaza iizuie fomu hiyo kufunguka hadi fundi aishughulikie. Sifa ya hiari isiyo na kisanduku iachwe ilivyo ndani ya rekodi, isiguswe wakati wa kuhifadhi, na itajwe kwenye ukurasa mmoja ambao mama_masjala na wenzake wanaweza kuusoma na kuomba ifunguliwe.